Kofia ya Filimbi ya Pili

La Paz, 11 Agosti 1987

Kwa Judit, binti wa Mwalimu Viktor,

Nakuandikia kutoka huku juu, ambako wiki hii upepo wa Agosti umeng'oa mabati ya jirani na kunirushia moja uani kwangu. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini huo ulianza kulalamika tangu enzi za baba yako, tumeshazoeana.

Natumaini unanikumbuka. Mimi ndiye Saturnino, filimbi ya pili, niliyekaa kushoto kwa baba yako kwenye okestra miaka ishirini na miwili. Ulikuwa ukija mazoezini ukila mkate wako chini ya kiti changu, kwa sababu baba yako hakutaka makombo chini ya kiti chake.

Nimeiona karatasi ya Tuzo ya Viktor Lamm, imebandikwa mlangoni pa shule ya muziki. Nilipoona umechora pale juu ile kofia ndogo ya sufu, kofia ya kwetu ya kufunika masikio, moyo uliniruka. Nikasema, basi Judit anajua. Nikavaa miwani, nikasoma mpaka sharti la nne, nikaona hapana, hajui.

Naandika kwa ajili ya sharti hilo. Umesema kila mshindani aipige ile sehemu ndefu ya wimbo wa polepole kwa pumzi moja, bila kukata, kama alivyoipiga Mwalimu kwenye santuri ya 1961. Nakuomba uliondoe.

Nina mwanafunzi, Maruja Ticona, ana miaka kumi na saba, mama yake anauza viazi vikavu sokoni. Filimbi anayopigia ni ya shule, na kitufe kimoja kimefungwa kwa mpira wa nywele. Amesikia kwamba mshindi atapewa filimbi ya fedha ya Mwalimu, na tangu siku hiyo hasikii la mtu. Anazamisha uso kwenye beseni la maji na kuhesabu. Nimemkataza, ananiitikia ndiyo mzee, kisha anakwenda kuhesabia kwao. Mtihani wa tuzo ni tarehe 24 Oktoba. Naogopa.

Nisalimie watoto na duka lako la dawa.

Saturnino


Buenos Aires, 24 Agosti 1987

Mpendwa Don Saturnino,

Nakukumbuka vipi nisikukumbuke? Nakumbuka hata soksi zako, maana ndizo nilizokuwa nikizitazama kutoka kule chini.

Nimefurahi kupata barua yako, ila ombi lako limenishangaza. Wewe uliyekaa naye bega kwa bega unajua kuliko mtu yeyote kwamba pumzi ile ndiyo baba yangu. Alishuka kwenye treni mwaka 1939 na sanduku moja, hajui hata kuomba maji kwa lugha ya huko, mji wenyewe upo juu hata wageni wenye afya wanatapika kwenye ngazi. Na humo humo akapiga filimbi kwa pumzi ambayo wenyeji wenyewe walikuwa wakiitolea macho. Ukiondoa pumzi, kinachobaki ni mhamiaji mmoja aliyefundisha watoto wa watu na kufa.

Ile santuri ninayo. Nikiwa na huzuni naiweka. Unajua mahali ninapopangoja? Katikati kabisa, pale ambapo mtu mwingine yeyote angekuwa ameishiwa, sauti ya baba haifi. Inageuka tu, inakuwa nzito kidogo, ya upole, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Mama alikuwa akiinua kidole: haya, ndiyo hii inakuja. Siku ya maziko nilileta kaseti ili sauti hiyo moja isikike kabla hatujamfukia. Kwangu mimi, sauti hiyo ndiyo baba.

Na kofia, nayo ina kisa chake. Aliichora kwa penseli kwenye karatasi zake za muziki, mahali pawili. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ya nini, akasema ni ya kuipa sauti joto isishikwe na mafua. Nikaamini mpaka nilipofika miaka kumi na moja! Kwa hiyo nimeiweka kwenye karatasi ya tuzo, iwe kumbukumbu yangu mimi na yeye.

Sharti litabaki, mzee wangu. Mwambie huyo binti atulize kichwa, kama kipaji anacho pumzi itakuja.

Ila unasema ulidhani najua. Nijue nini?

Wako,
Judit Lamm


La Paz, 5 Septemba 1987

Judit,

Swali lako nimelisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeiweka barua chini nikaenda kumwagilia maua ambayo hayakuwa na kiu.

Nililodhani unalijua ni neno la watu wawili. Mmoja amekufa. Mwingine aliahidi. Kwa hiyo nakuomba unikubalie bila maelezo, kama unavyokubali mtu akikwambia ngazi hii mbovu usikanyage. Pumzi ya santuri ile si ya kuigwa na mtu mmoja. Andika kwenye sharti kwamba kila mtu apumue anapohitaji, yaishe.

Maruja sasa anaumwa kichwa kila jioni. Jumatano alitokwa damu puani, akasema ni vumbi. Mama yake alinijia akaniuliza kama filimbi ni kazi ya hatari, nikamwambia hapana mama, ni kazi ya kukaa kwenye kiti. Alinitazama kama ninavyotazama mimi wauza magari.

Novemba inakuja, na sikukuu ya wafu. Mwaka huu ni wa tatu tangu Mwalimu atutoke, na nitamwandalia meza ya mwisho, ya kumuaga, kama tunavyofanya kwetu. Najua dini yenu haina mambo haya. Alikuwa akinicheka kila mwaka nilipowaandalia wazazi wangu, lakini mikate alikuwa haiachi.

Saturnino


Buenos Aires, 17 Septemba 1987

Don Saturnino,

Nimempigia simu Profesa Iturri, mkuu wa shule. Ameniambia kati ya washindani kumi na mmoja, mmoja tu ni mwanafunzi wako, na ni huyo Maruja. Wengine kumi hawajalalamika. Sasa naelewa.

Ungeniambia waziwazi kwamba unataka filimbi ya baba iende nyumbani kwako, ningekusikiliza. Badala yake unanizungusha na siri. Baba yangu alikuambia wewe nini ambacho hakuniambia mimi, mtoto wake wa pekee, niliyemshika mkono siku tisa hospitalini?

Iturri ameniambia na jambo jingine. Baba alipostaafu mwaka 1974, wewe ulitarajia kiti chake, wakampa kijana kutoka Santa Cruz. Pole. Naamini iliuma. Lakini usimlipizie marehemu. Ulikaa kando yake miaka ishirini na miwili na leo hakuna mtu anayekumbuka hata sauti moja uliyoipiga. Hilo si kosa lako, na si kosa lake pia.

Sharti la nne linabaki kama lilivyo.

Judit Lamm


La Paz, 30 Septemba 1987

Judit,

Maruja alianguka Jumamosi, saa tano asubuhi, katika ukumbi wa parokia, mbele ya watoto wa kwaya. Alikuwa amefika karibu kabisa na mwisho wa ile sehemu ndefu. Nilimwona midomo inageuka rangi, nikapiga makofi aache, hakuacha. Aliangukia uso, na filimbi ikiwa mdomoni. Mdomo wa juu umepasuka, ameshonwa nyuzi nne. Unajua mdomo wa juu ni nini kwa mpiga filimbi, nisikueleze. Jana mama yake ameirudisha filimbi shuleni, imefungwa kwa taulo.

Kwa hiyo ahadi naivunja leo. Nilipaswa kuivunja Agosti. Nilikuwa naitunza heshima ya mtu aliyekufa, na mtoto aliye hai anakunywa supu kwa mrija. Nimejilaani vya kutosha, nakuachia na wewe sehemu yako.

Baba yako alikuwa na pafu moja.

La kushoto lilikuwa limelala tangu ana miaka ishirini na mitatu, alipolazwa kwa kifua kikuu kule kwao Brno, Chekoslovakia. Aliweza kupiga filimbi, tena kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mwingine, ila hakuweza kupiga kwa muda mrefu. Na hapa ni mita elfu tatu na mia sita, hata mapafu mawili yanalia.

Mwaka 1953, kwenye onyesho la kwanza la wimbo ule, nilimsikia anaishiwa. Mtu aliye kando anasikia kabla ya ukumbi. Mimi nimetoka kwenye ukoo wa wapiga filimbi za matete, na umeziona kwenye sherehe: safu moja anashika mtu huyu, safu nyingine mwenzake, nusu ya sauti kwangu, nusu kwako, na peke yako huna wimbo. Tangu nina miaka mitano nimefundishwa kwamba mwenzako akiishiwa, unashika. Sikufikiri. Niliishika ile sauti aliyokuwa anaiachia, kwa upole, yeye akavuta pumzi, akarudi, nami nikatoka. Ukumbi ulisikia mtu mmoja. Kesho yake gazeti likaandika habari ya pumzi ya ajabu.

Alinisubiri nje. Hakunishukuru. Aliniuliza, "Nani amekuambia?"

Nikamjibu, "Hakuna, Mwalimu. Ulikuwa unaishiwa."

Wiki iliyofuata niliona kofia yangu, ile ya sufu niliyokuwa nikivaa, imechorwa kwenye karatasi zake, mahali pawili. Hapo ndipo penye zamu yangu. Tukafanya hivyo miaka ishirini na mmoja. Waongozaji walipita saba, na mmoja tu ndiye aliyewahi kugeuza shingo upande wangu, akatabasamu, akaendelea kupunga mikono.

Utauliza kwa nini alificha. Nami nilimuuliza, siku tuliyorekodi santuri, tumekaa kwenye ngazi tunagawana sambusa moja ya nyama, salteña. Kibali cha kuja nchi hii kilitaka eksirei ya kifua kisafi. Ile aliyoipeleka ubalozini ilikuwa ya kaka yake, Hugo. Hugo alimpa kwa mkono wake, akamwambia nenda wewe kwanza, mimi nitapiga nyingine mwezi ujao. Mwezi uliofuata ubalozi ulikuwa umefungwa, vita ikamkuta Hugo huko huko, hakutoka. Najua wewe uliambiwa Hugo alikosa treni.

Mwanzoni alificha kwa kuogopa kurudishwa. Baadaye nadhani hakuweza tena kusema nina pafu moja bila kusema na habari ya Hugo. Aliniapisha pale pale kwenye ngazi, na mafuta ya salteña yanamchuruzika mkononi. Hapo ndipo nilipomwona analia, mara hiyo moja tu.

Na kuhusu kiti cha kwanza: ndiyo, nilikitaka. Kwenye kikao cha kuchagua walisema Quenallata hajawahi kupiga peke yake. Baba yako alikuwemo kwenye kikao hicho na hakufungua mdomo. Hilo nalo lilikuwa zito kulimeza, nisikudanganye. Lakini si kwa ajili yake ninaandika.

Saturnino Quenallata


Buenos Aires, 9 Oktoba 1987

Bwana Quenallata,

Nasikitika kwa ajili ya binti. Nimewaomba shule waahirishe mtihani.

Mengine siamini. Nilimuuguza. Daktari aliyemtibu alisema ni moyo. Unanitumia hadithi ambayo watu wote wanaoweza kuikanusha wako kaburini, na ndani yake unamgeuza baba yangu kuwa mwongo mara tatu, kwa nchi yenu, kwa wasikilizaji wake na juu ya ndugu yake. Na wewe unatokea shujaa.

Tafadhali usiniandikie tena.

J. Lamm


Buenos Aires, 19 Oktoba 1987

Don Saturnino,

Nilikukataza kuandika, sikujikataza mimi.

Kwa siku nne sikugusa kitu. Siku ya tano nilimpigia simu yule daktari, amezeeka sasa, anaishi Cochabamba. Nilimuuliza kuhusu pafu la kushoto. Akaniambia, "Binti, nilidhani unajua." Wewe nawe uliniandikia hivyo hivyo. Kumbe kila mtu alidhani najua, na mimi ndiye niliyekuwa nikitunga masharti.

Jana asubuhi nilifungua sanduku lake nikatoa karatasi za muziki. Nikaweka santuri na kufuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilitaka nikukamate. Nilisema, sauti ikipita kwenye kofia na isibadilike, nitajua huyu mzee amenidanganya.

Kidole kilifika kwenye kofia ya kwanza. Na pale pale, Don Saturnino, sauti ikageuka. Ikawa nzito kidogo, ya upole, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili.

Nilirudisha sindano mara sita. Mume wangu alidhani santuri imeharibika.

Mama alikuwa akiinua kidole kwa ajili yako. Nimewakalisha wageni kimya sebuleni miaka ishirini na sita wakusikilize wewe. Baba yangu nimemzika kwa sauti yako. Nilikuandikia kwamba hakuna mtu anayekumbuka hata sauti moja uliyoipiga, na mimi moja nimeikumbuka maisha yangu yote. Naona aibu hata kuandika haya kwa mkono ulioyaandika yale.

Baba nimemkasirikia. Siwezi kukuficha. Si kwa ajili ya pafu, kwa ajili ya kile kikao alichokaa kimya. Na kwa ajili ya Hugo, ambaye kwetu alikuwa ni mtu aliyechelewa treni, tukimtaja kama mzembe. Nilikulia juu ya kifua cha mtu huyo bila kujua hata sura yake. Sina picha yake. Pengine ile ya ubalozi ndiyo pekee iliyobaki duniani, na ni ya mbavu.

Sharti la nne nimelifuta. Mtihani utakuwa Machi, na ile sehemu ndefu itapigwa na watu wawili, kofia zikiwa mahali pake. Filimbi ya baba imo njiani, naituma kwako kwa mkono wa binamu wa mume wangu. Haitakuwa tena ya mshindi. Nakuachia wewe, umpe nani ni shauri lako. Maruja nimemwandikia barua yake peke yake. Sijui kama ataifungua, na akiichana nitamwelewa.

Nina maombi mawili. Ukiandaa meza, weka na mkate wa Hugo. Na unieleze niandike nini kwenye karatasi mpya za tuzo.

Judit


La Paz, 3 Novemba 1987

Judit mwanangu,

Jana saa sita mchana tumewaaga. Meza ilikuwa nzuri, ingawa majirani wameniuliza huyu wa pili ni nani. Mkate wa Mwalimu niliuagiza wenye uso wa mtu uliofinyangwa, na masharubu. Wa Hugo mwokaji aliuliza uso gani, nikamwambia ufanane na wa huyo mwingine, ila kijana. Nikawawekea ndizi, miwa, maharage na salteña moja nzima, na safari hii sikuikata nusu.

Filimbi imefika salama. Niliiweka mezani kati ya mikate miwili, sikuigusa.

Maruja alikuja na mama yake. Nyuzi zimetolewa, limebaki kovu jekundu. Daktari anasema anaweza kupiga, yeye anasema hapigi. Barua yako aliileta imefungwa, akaiweka mezani kama watu wanavyowawekea marehemu sigara. Alikula. Nami sikumsemesha, maana kila neno nililolifikiria lilikuwa la kujitetea.

Ilipokaribia saa sita, akaniambia, "Mzee, piga basi ile yenyewe. Nataka niisikie na pumzi zake."

Nikachukua filimbi yangu, si ile ya fedha. Nikapiga nimesimama karibu na meza. Nina miaka sitini na mitano, Judit, nilijua sitafika hata kwenye kofia. Niliishiwa mapema kuliko nilivyotegemea, mbele za watu, nikaiona sauti inanitoka kama uzi kwenye sindano. Na upande wa pili wa meza mtu akaishika. Maruja hakuwa na filimbi, aliivumisha kwa pua, mdomo umefungwa kwa sababu ya kovu. Nikavuta pumzi, nikarudi, naye akatoka. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwashikia watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye wimbo ule mtu kunishikia mimi. Ilibidi nikae.

Aliniambia nimezeeka. Kisha akaondoka na mama yake, na filimbi ya fedha akaiacha pale pale. Barua yako aliichukua. Sijui atarudi lini, wala kama atarudi. Filimbi nitaiweka kabatini, kila wiki nitaipangusa, na nikiulizwa ni ya nani nitasema mwenyewe hajaja.

Umeuliza uandike nini. Nimefikiri wiki nzima. Zamani ningekwambia usiandike kitu, kofia inatosha. Nilishazoea kukaa pale juu ya mstari kwa penseli, na nilijidanganya kwamba huo ni unyenyekevu. Jana nilipoishiwa na yule binti akanishikia, kila mtu mle chumbani alimtazama na kulitaja jina lake.

Basi kofia ifute. Andika jina la Viktor Lamm, filimbi ya kwanza, na chini yake, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, andika langu lote kama ninavyoliandika hapa. Nimechoka kuwa kofia.

Saturnino Quenallata Huanca,
filimbi ya pili, 1952 hadi 1974